Barafu kule, chumvi huku: panga gani la mtambo wa upepo linafaa Tanga?

Vitabu vya maelekezo vya mitambo midogo ya upepo mara nyingi huwa na sehemu ya barafu: usiuwashe mtambo wenye barafu kwenye mapanga, usisimame chini yake, subiri iyeyuke. Mtu wa Raskazone au Mwambani, huku pwani ya Tanga, akifika hapo anageuza ukurasa. Barafu anayoijua yeye ni ya kwenye maboksi ya samaki pale soko la Deep Sea. Mimi ningemwomba arudi aisome taratibu, kwa sababu habari iliyomo si ya baridi tu. Ni habari ya kitu kinachojijenga kwenye ukingo wa mbele wa panga na kuliharibia umbo lake. Kitu hicho na sisi tunacho. Ni chumvi, na chumvi haiji peke yake: ina vumbi, ina wadudu, ina kinyesi cha kunguru.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayetaka kununua au kuchonga mtambo mdogo, tuseme wenye kipenyo cha meta 2 hivi, kwa ajili ya nyumba, kambi ya wavuvi au pampu ya maji, katika ukanda wa kuanzia Moa kushuka hadi Pangani. Wanunuzi wengi huanza na swali la wati. Wati za kwenye boksi zimepimwa kwa upepo mkali ambao kwetu hauvumi kila siku, na zimepimwa kwa mapanga mapya, masafi. Naona ni heri kuanza na mapanga: yametengenezwa kwa nini, na utayafikiaje ukitaka kuyaosha.

Kwa nini ukingo wa mbele ni kila kitu

Panga la mtambo wa kisasa halisukumwi na upepo kama mlango. Hewa inapopita juu ya mgongo wake uliopinda, shinikizo la upande huo hupungua, na panga huvutwa kwenda mbele. Nguvu hiyo ya kuinua ndiyo inayozungusha jenereta. Ili iwepo, hewa lazima ishikamane na mgongo wa panga tangu inapokutana na ukingo wa mbele. Ukingo ukiwa na ukoko, hewa huchafuka hapo hapo mwanzoni, huachana na mgongo mapema, nguvu ya kuinua hushuka na ukinzani hupanda. Dau lisilopandishwa ufukweni likakwanguliwa chini linakwenda vivyo hivyo: tanga ni lile lile, upepo ni ule ule, mwendo haupo.

Sehemu inayoumia zaidi ni ile ya karibu na ncha. Nusu ya nje ya panga ndiyo inayofagia robo tatu ya duara lote, na ndiyo yenye mbio. Katika upepo wa meta 6 kwa sekunde, panga zuri la mtambo mdogo huzunguka hadi ncha yake ikaenda mara sita ya kasi hiyo, yaani meta 36 kwa sekunde, karibu kilometa 130 kwa saa. Kwa mbio hizo kila tone, kila mdudu na kila punje ya mchanga hugonga kwa nguvu.

Sasa ongeza hesabu ya upepo wenyewe. Nguvu iliyomo ndani ya upepo hufuata mchemraba wa kasi: kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nane. Mjerumani Albert Betz alionyesha mwaka 1920 kwamba hakuna mtambo unaoweza kuchota zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu hiyo, na mitambo midogo ya majumbani hupata nusu ya kiwango hicho au pungufu. Chukua duara la kipenyo cha meta 2, hewa yetu ya joto, na ufanisi wa asilimia 25. Upepo wa meta 4 kwa sekunde utakupa wati 29 tu. Meta 5 zitakupa kama wati 57, meta 6 kama wati 98. Hicho ndicho kiasi tunachogombania pwani. Mwenye mtambo mkubwa kwenye upepo mkali akipoteza sehemu ya kumi, bado anabaki na umeme wa kutosha. Wewe mwenye wati 57 ukipoteza tano au kumi, tayari taa mbili zimezimika.

Barafu: mzigo unaokua kwa saa chache

Kaskazini mwa Sweden, Finland, na Quebec huko Kanada, mitambo huwekwa juu ya vilima kwa sababu upepo wa huko ni mzuri, na vilima hivyo hivyo ndivyo vinavyozama ndani ya mawingu ya baridi. Matone ya wingu yanaweza kubaki maji hata chini ya nyuzi sifuri. Yanachongoja ni kugusa kitu tu. Panga likiyapitia, yanaganda papo hapo. Baridi ikiwa kali na matone yakiwa madogo, barafu huwa nyeupe, yenye hewa ndani, na hukatika kwa urahisi. Joto likikaribia sifuri, maji hutambaa kidogo kabla ya kuganda, na hapo hupatikana barafu angavu iliyoshikilia sana, yenye uzito unaofika kilo 900 kwa meta moja ya ujazo. Zote mbili huanzia ukingo wa mbele na hunenepa zaidi kuelekea nchani, kwa kuwa ncha hukutana na matone mengi zaidi.

Hasara yake imepimwa vya kutosha. Wataalamu wanaoshirikiana chini ya Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, wamegawa maeneo yenye barafu katika madaraja matano. Daraja la kwanza hupoteza chini ya asilimia 0.5 ya umeme wa mwaka, la tano hupoteza zaidi ya asilimia 20. Hizo ni hesabu za mwaka mzima. Katika siku zenyewe za barafu mtambo unaweza kusimama kabisa huku upepo unavuma. Februari 2021 jimbo la Texas, Marekani, lilipopigwa na dhoruba ya baridi, mitambo mingi ya upepo iliganda na kusimama, ingawa umeme mwingi zaidi ulipotea kwenye vituo vya gesi ambavyo navyo vilizidiwa na baridi hiyo hiyo.

Barafu ina ubaya mwingine ambao chumvi haina: huanguka vipande vipande. Panga moja likimwaga barafu yake na mengine mawili yakabaki nayo, mtambo mzima hutikisika, beringi na mnara huumia. Vipande vyenyewe hurushwa mbali. Kanuni inayotumiwa kukadiria umbali wa hatari ni kujumlisha urefu wa mnara na kipenyo cha duara, kisha kuzidisha kwa 1.5. Mnara wa meta 80 wenye duara la meta 80 una eneo la hatari la meta 240 kila upande.

Dawa zao ni za gharama. Kuna wanaopuliza hewa ya moto ndani ya panga, kuna wanaobandika mikeka ya kupasha joto kwenye ukingo wa mbele, na kuna waliojaribu rangi nyeusi inayonyonya jua, kama ilivyofanywa kwenye mtambo uliowekwa mwaka 1993 katika kilima cha Haeckel karibu na Whitehorse, Kanada. Nazitaja kwa sababu muuzaji anaweza kukuambia mapanga yake yana kinga ya barafu, ukadhani umepata kitu cha ziada. Mfumo wa kupasha joto hautakusaidia lolote Tanga. Rangi nyeusi ndiyo usiitake kabisa: juani hupasua mbao na kulainisha plastiki.

Chumvi: ukoko mwembamba usioondoka

Mawimbi yakivunjika kwenye mwamba na ufukweni, matone madogo hupanda hewani, maji hukauka, chumvi hubaki ikielea na upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, inayoshika katikati ya mwaka, zote huiingiza nchi kavu. Mzigo mkubwa hudondoka katika meta mia chache za mwanzo kutoka majini, ndiyo maana mabati ya nyumba ya Raskazone huoza kabla ya mabati ya Ngamiani. Mikoko husaidia sana kuichuja. Mwenye kiwanja nyuma ya mikoko ana bahati ambayo aliye mbele ya bahari wazi hana.

Chumvi kavu peke yake isingekuwa tatizo kubwa. Tatizo ni unyevu wa hewa. Unyevu ukivuka asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida hunyonya maji ya hewani na kuyeyuka yenyewe, na usiku wa pwani hufika huko bila shida. Basi usiku panga lina utandu wa maji ya chumvi unaonata, unadaka vumbi na chavua. Mchana jua linaukausha, unabaki ukoko. Usiku unaofuata unalowa tena na kudaka zaidi. Mvua ya masika huosha sehemu kubwa ya huo uchafu. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua hakuna, hauoshwi na mtu.

Ukiziweka barafu na chumvi pamoja, tofauti iko hivi. Barafu hubadili umbo zima la panga, huja haraka na kuondoka joto likirudi, na huonekana kwa macho kutoka chini. Chumvi hubadili ngozi ya panga tu, huja polepole, na aliye chini haioni. Barafu humlazimisha mtu asimamishe mtambo. Chumvi humwacha aendelee mwaka mzima akipata umeme pungufu na kuilaumu betri. Halafu barafu ikiyeyuka imekwisha, lakini chumvi hukaa ikila chuma: bolti, beringi, na sumaku za jenereta zikipata mkwaruzo kwenye ngozi yake ya juu.

Na udogo wa mtambo haumsaidii mwenyewe. Ukoko wa milimeta 1 kwenye panga lenye upana wa meta 1 ni sehemu moja ya elfu. Ukoko huo huo kwenye panga lako lenye upana wa sentimeta 10 ni sehemu moja ya mia.

Wadudu nao wasidharauliwe. Watafiti wa Uholanzi, Gustave Corten na Herman Veldkamp, walieleza mwaka 2001 kisa cha mitambo ya California ambayo kwenye upepo mkali ilikuwa ikitoa hata nusu tu ya umeme uliotarajiwa, na baada ya muda, bila mtu kuigusa, ikarudi sawa. Chanzo kilikuwa wadudu waliogandamana kwenye ukingo wa mbele. Wadudu huruka upepo ukiwa mdogo, hivyo panga huchafuka wakati wa upole na hasara huonekana upepo ukipanda, kisha mvua ikinyesha huwaosha. Kwetu fikiria kumbikumbi wanaotoka baada ya mvua za kwanza jioni isiyo na upepo. Asubuhi yake ningelitazama panga kabla ya kitu kingine chochote. Na kunguru hupenda kutua kwenye panga lililosimama. Kinyesi chao kikikauka ni kigumu kuliko chumvi.

Mapanga manne yanayopatikana

*Bomba la plastiki.* Video nyingi za mtandaoni huonyesha mtu akikata bomba la PVC la inchi 6 au 8 kwa urefu, akapata mapanga matatu kwa saa moja. Kwa kujifunzia shuleni ni njia nzuri na siikejeli hata kidogo: mtoto anaona mtambo ukizunguka siku hiyo hiyo. Kwa kukaa nao miaka, hapana. Mpindo wa bomba si umbo halisi la panga, ukingo wake wa mbele ni butu, na jua la pwani hulifanya plastiki likauke na kukatika. Upepo wa kusi ukija kwa ghafla, panga hilo huweza kupinda nyuma likagonga mlingoti. Likikatika kwa mbio za kilometa 130 kwa saa, ni silaha.

*Alumini.* Huonekana kama jibu la pwani kwa kuwa alumini haishiki kutu nyekundu. Lakini alumini huchoka. Kila mzunguko huipinda kidogo huku na huku, na tofauti na chuma cha pua au faibaglasi iliyojengwa vizuri, ufa hauchelewi kuanza, hasa kwenye matundu ya bolti. Kwenye matundu hayo hayo, alumini ikigusana na bolti ya chuma na maji ya chumvi yakawa katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe ukichuruzika. Sipendekezi mapanga ya alumini kwa mtu yeyote anayesikia mawimbi kutoka nyumbani kwake.

*Nailoni yenye nyuzi za kioo, na faibaglasi.* Mitambo mingi midogo inayoletwa kutoka China huja na mojawapo ya hizi, na wauzaji huziita zote faiba. Si kitu kimoja. Nailoni humwagwa kwenye kalibu, huwa na uso laini wa rangi moja hadi ndani, na huvumilia kugongwa. Udhaifu wake ni jua: baada ya muda uso huwa na unga mweupe ukiupitishia kidole, na uso wenye unga hushika chumvi haraka. Nailoni pia hulegea kidogo ikinyonya unyevu, hivyo panga refu la nailoni hupinda zaidi ya lilivyokusudiwa. Faibaglasi ya kweli ina matabaka ya kitambaa cha kioo ndani ya resini, na juu yake gelikoti, ile ngozi ngumu inayong'aa kama ya boti. Gelikoti ndiyo unayoinunua. Ikiwa nzima, chumvi hutoka kwa maji na sponji tu. Ikipasuka kwenye ukingo, maji huingia kwenye nyuzi, na kila siku ufa unapanuka. Habari njema ni kwamba anayejua kuziba boti ya faiba anaweza kuziba panga: msasa mzuri, resini, kitambaa, gelikoti, msasa tena. Sharti moja tu: uzito aliouongeza kwenye panga hilo apime na kuusawazisha na mengine mawili.

*Mbao.* Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu watu huona mbao ni umaskini, na hilo si kweli. Hugh Piggott wa Scoraig, Uskoti, amejenga na kufundisha mitambo ya mapanga ya kuchonga kwa mkono kwa miongo kadhaa, mahali penye upepo wa bahari mkali kuliko wetu, na watu wa nchi nyingi wameiga michoro yake. Mbao haichoki kama alumini. Nyuzi zake zimepangwa na Mungu kwa urefu, kule kule mzigo wa panga uliko. Na Tanga ina mafundi wa majahazi na ngalawa ambao jicho lao kwenye mpindo wa ubao halihitaji kufundishwa upya.

Uchaguzi wa mti unahitaji subira. Mafundi wengi hukimbilia mvule kwa sababu ni mti wa heshima baharini. Kwa panga ni mzito, na nyuzi zake hupishana, zinamsumbua anayechonga uso mwembamba. Mtiki, ule unaooteshwa Longuza, Muheza, hauoshwi nguvu na maji, lakini mafuta yake ya asili hufanya gundi na vanishi visishike vizuri mpaka uufute kwanza kwa kiyeyushio. Mimi ningeanza na msindano (paini) mkavu wa milimani Lushoto, wenye nyuzi zilizonyooka na usio na vifundo. Ni mwepesi, na wepesi huo husaidia panga kuanza kuzunguka upepo ukiwa mdogo. Udhaifu wake ni ulaini wa ukingo: mvua na mchanga huula kuliko mti mgumu. Basi ukingo wa mbele ufunikwe kwa resini ya epoksi au utepe wa poliyurethani, ule uliotengenezwa kwanza kwa ajili ya mapanga ya helikopta.

Mbao ina jambo moja ambalo halina huruma. Vanishi ikipasuka, panga moja linaweza kunywa maji kuliko mengine. Hapo unapata ule ule mtikisiko wa barafu iliyoanguka upande mmoja, bila barafu. Asiyekuwa tayari kupaka vanishi upya mara kwa mara asichukue mbao.

Uamuzi wangu kati ya hizi: faibaglasi yenye gelikoti nzima kwa aliye ndani ya meta mia chache za bahari na asiye na fundi wa karibu, mbao kwa mwenye fundi na mwenye tabia ya kutunza. Nailoni inakubalika kwa mitambo mifupi isiyozidi kipenyo cha meta moja na nusu hivi. Nyingine mbili waachie wengine.

Mlingoti una neno kubwa kuliko panga

Panga bora kabisa lililo juu ya nguzo usiyoweza kuipanda ni panga chafu. Ndiyo maana, kama fedha zinatosha kitu kimoja tu kati ya mapanga ghali na mlingoti wa kulaza, ningechukua mlingoti wa kulaza. Huu una bawaba chini na nguzo ya pembeni ya kuvutia. Watu wawili watatu wenye winchi ya mkono huulaza chini, mapanga yakafika usawa wa kiuno. Nguzo iliyosimikwa kwenye zege inachukua nafasi ndogo, haina nyaya za kukwaza watoto, lakini kila usafishaji unahitaji mtu apande. Wengi hawapandi. Mwaka unapita.

Mlingoti wa kulaza unataka nafasi, na hapo ndipo viwanja vyetu hukwama. Kanuni ya kawaida ni kwamba duara zima la mapanga liwe juu ya kitu chochote kilicho ndani ya meta 100 hadi 150 kwa walau meta 9. Mnazi uliokomaa hufika meta 20 na zaidi. Mwenye kiwanja katikati ya shamba la minazi anahitaji mlingoti wa karibu meta 30, na mlingoti wa meta 30 haulazwi kwenye uwanja wa nyumba. Kwa mtu huyo jibu langu ni paneli za jua, na nalitoa bila kusita. Paneli nazo huchafuka kwa chumvi na vumbi, ila unazifikia kwa ngazi na kitambaa. Mtambo wa upepo una nafasi yake kwa aliye wazi mbele ya bahari, anayehitaji umeme usiku na siku za mawingu za kusi, tena pamoja na paneli, si badala yake.

Kuosha, kupaka au kubandika

Kuosha ndiko kunakorudisha umeme haraka. Funga breki ya mtambo kwanza, ile swichi inayounganisha waya tatu za jenereta pamoja, na ufanye kazi wakati wa utulivu wa asubuhi kabla upepo wa bahari haujaamka. Tumia maji matamu, ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya karibu na ufukwe vina chumvi, na kuosha chumvi kwa maji ya chumvi ni kazi bure. Sabuni ya vyombo na sponji laini vinatosha. Usitumie steli wuli: vipande vyake hubaki kwenye uso na kuanza kutu. Upande wa Pongwe na Kiomoni, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, vumbi likilowa hushika kama lipu. Siki iliyozimuliwa hulilegeza, kisha suuza kwa maji mengi.

Kupaka, yaani nta ya magari au ya boti juu ya gelikoti au vanishi, hakuzuii chumvi kutua. Kunafanya itoke kwa mvua ndogo. Ni nafuu, na ningependa kila mtu afanye hivyo kabla ya kaskazi kuanza, mwezi wa kumi na moja hivi.

Kubandika utepe ni kwa ajili ya mmomonyoko zaidi kuliko ukoko. Ukibandikwa vibaya, pembe zake zikainuka, utepe wenyewe unakuwa ukoko, tena mbaya kuliko ule uliouogopa. Kwenye faibaglasi nzima siuoni umuhimu wake. Kwenye msindano ni lazima, kama hukuufunika ukingo kwa epoksi.

Utajuaje wakati wa kuosha umefika? Weka ammita, kipimo cha mkondo wa umeme, kwenye waya wa betri na daftari pembeni. Andika ampea unazopata upepo ukiwa wa kiasi unachokitambua, kwa kipima upepo kidogo cha mkononi ukipata. Ampea zikishuka kwa upepo ule ule, na betri haijajaa, mtambo unakuomba maji. Sikiliza pia: panga safi hupita kwa mvumo laini, lenye ukoko hukwaruza hewa, na lililopoteza mizani huutetemesha mlingoti hadi kwenye nyaya. Hilo la mwisho halisubiri kuoshwa, zima kwanza.

Ukishaamua, agiza hivi

Mwulize muuzaji, kabla ya bei, kama mapanga huuzwa peke yake na kama bolti ni za chuma cha pua. Akikuonyesha wati, mwombe akuonyeshe umeme unaotoka kwenye upepo wa meta 4 na 5 kwa sekunde, si kwenye meta 12. Pitisha kidole kwenye ukingo wa mbele wa kila panga, kutoka shinani hadi nchani. Palipo na mshono wa kalibu usiosagwa pana ukoko wa kiwandani tayari.

Na ununue akiba ya mapanga yote matatu kwa pamoja. Panga moja moja la kubadilishia halilingani uzito na yale yaliyokwisha kukaa juani na kunywa maji ya pwani, na fundi atalazimika kuongeza uzito wa madini ya risasi hapa na kusaga pale mpaka mizani ikubali. Seti ya akiba ilaze ndani, kwenye kivuli, imefungwa nguo, na iandike namba kwa kila panga kama ilivyotoka kiwandani au kwa fundi, ili siku ya kuifunga kila moja liende kwenye tundu lake.